Gudulia la Ute wa Kiini

Kati ya nyumba yangu na nyumba ya Mwalimu Alois, hapa Pito, pana ua wa minyaa na upenyo mmoja ambao miguu yetu imeutengeneza kwa miaka mingi. Kwa upenyo huo nimepita kuomba chumvi, kupeleka habari za misiba na, baada ya mkewe Fransiska kufariki dunia, kupita tu bila sababu, ili nijue kama mwenzangu ameamka. Mtu anayeishi peke yake hujulikana kwa moshi wake. Moshi ukichelewa kutoka jikoni, jirani husogea uani akakohoa kwa sauti, akangoja ajibiwe kwa kikohozi. Hivyo ndivyo tulivyoamkiana, mimi na Alois, katika miaka ile ambayo watu walikuwa wakisema kila kitu kimekuwa ruksa.

Tulikuwa tumesoma pamoja shule ya misheni, wakati ambapo hadubini moja ilitosha shule nzima. Padre aliyetufundisha elimu ya viumbe alibandua ngozi nyembamba ya kitunguu, akaitia rangi, akatuita mmoja mmoja kuchungulia. Mimi niliona vyumba vilivyopangana kama matofali, na katika kila chumba doa moja. Nikaridhika, nikampisha mwenzangu. Alois alipoinama juu ya hadubini hakubanduka.

“Padre,” aliuliza, “ndani ya hilo doa mna nini?”

“Hicho ni kiini cha seli. Ndani yake mna nyuzi za urithi, zile zinazokufanya ufanane na baba yako.”

“Na hizo nyuzi zimekaa juu ya nini?”

Darasa zima lilicheka, kwa kuwa swali lilifanana na la mtu anayetafuta kigoda. Padre hakucheka. Alisema hazikukaa juu ya kitu. Zimo ndani ya ute, mzito kuliko maji na laini kuliko ugali, ambao wenye vitabu huuita nukleoplazimu. Alois akauliza tena, ute huo una kazi gani? Padre akafikiri kidogo, akamjibu, “Unashika bila kubana.”

Sisi wengine tuliandika maneno hayo, tukafanya mtihani, tukayasahau. Alois alikwenda nayo chuo cha ualimu, akarudi nayo Ufipa, na katika maisha yake yote ya kazi hakufundisha somo la seli bila kuwaonyesha wanafunzi wake ute wenyewe. Si ute wa kweli, maana huo hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuukinga katika kikombe. Aliutengeneza mfano wake, na mfano huo ulipikwa na Fransiska.

Ulipikwa kwa makongoro ya ng’ombe. Fransiska aliyababua manyoya kwenye moto, akayakwangua kwa kisu mpaka yakawa meupe, kisha akayachemsha kutwa nzima katika sufuria kubwa. Supu ilipopungua aliichuja kwa kitambaa, akaiacha ipoe, akaengua mafuta yaliyoelea juu. Mfipa yeyote anajua kinachofuata, kwa kuwa amekikuta asubuhi katika sufuria iliyosahauliwa jikoni mwezi wa saba: supu huganda, ikasimama na kutetemeka kama shavu la mtoto mnene. Tofauti ni kwamba sisi huipasha moto tukainywa. Fransiska aliimimina katika gudulia la kioo, ikiwa bado haijashika, na hapo ndipo mumewe alipoitwa.

Kazi iliyobaki ilihitaji watu wawili. Fransiska alikuwa mfumaji wa masweta, na katika kikapu chake hapakukosekana vipande vya nyuzi nyekundu na buluu. Alivishika vipande hivyo kwa ncha za vidole, vikining’inia ndani ya gudulia, kila kimoja mahali pake, naye Alois alimimina supu kijiko baada ya kijiko. Kisha mama huyo alisubiri. Hakutikisa mkono wala kujikuna mpaka baridi ya Pito ilipoushika ule ute na ute ukazishika nyuzi. Ndipo alipoziachia, akaongeza haragwe moja katikati kuwa kiini kidogo kilichomo ndani ya kiini. Nilipata kumkuta katika hali hiyo, nikamsalimu, naye akanijibu huku amekodoa macho kwenye gudulia: “Karibu, shemeji, lakini usifungue mlango kwa nguvu. Nimeshika ukoo wa watu hapa.”

Gudulia likiinuliwa kwenye mwanga wa dirisha lilikuwa na rangi ya asali, na nyuzi zilionekana zimesimama katikati yake, hazigusi juu wala chini. Wapo watu wazima mjini Sumbawanga ambao wamesahau yote ya darasani, lakini gudulia hilo wanalikumbuka.

Fransiska aliugua kwa muda mfupi, akafariki. Binti yao wa pekee, Angela, alikuwa amekwisha kuolewa bondeni, Kaoze, na Yonas mwana wa Mzee Kija, mfugaji wa Kisukuma ambaye alihamia bonde la Rukwa na ng’ombe wake tangu Yonas akiwa mdogo. Haukupita muda, serikali ikapunguza watumishi, naye Alois akawamo kati ya waliopunguzwa, kabla ya umri wake wa kustaafu. Hakulalamika. Alirudi kwenye shamba lake la mahindi wakati ambapo ruzuku ya mbolea ilikuwa imeondolewa, akafanya kama walivyofanya babu zetu: akafukia majani katika matuta makubwa, akaacha yaoze yalishe udongo. Jioni alikaa kizingitini. Mjini kulikuwa na mitumba, redio za kila namna na vijana waliosalimiana “mambo” na “poa”, lakini nyumba yake ilikuwa imenyamaza hata mtu aliweza kusikia panya akifikiri.

Kikapu cha nyuzi kilibaki pale kilipokuwa, chini ya dirisha. Gudulia alilifunika kwa kitambaa. Mwezi wa saba ukaja ukapita, naye hakupika makongoro.

Mwaka uliofuata, Flavian, dereva wa lori lililokuwa likibeba mpunga kutoka bondeni, alisimamisha gari mbele ya ua wetu, akatukuta tumekaa juani tukijipasha moto.

“Shikamooni, wazee.”

“Marahaba, Flavian. Joto la Rukwa limekuachia ngozi?”

“Limeniachia kidogo tu, ya kuvalia.” Akamgeukia Alois. “Mwalimu, nina maneno ya Angela. Kule Kaoze wazazi wamefyatua matofali wakajenga sekondari yao wenyewe. Walimu wamepata, ila wa elimu ya viumbe hawana. Angela amekutaja. Kamati inataka uje ufundishe somo moja, wakuone. Wakikupenda, kuna nyumba ya mwalimu, ukuta kwa ukuta na ya Angela. Mwenyekiti wa kamati ni mkwe wako, Mzee Kija, lakini anasema hataki upendeleo. Anasema hata dume la mbegu hukaguliwa meno.”

Alois alicheka kidogo. Flavian alipoondoka, aliniambia jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba siku nyingi.

“Ndugu yangu, unajua naongea na kuku?”

“Kila mtu huongea na kuku.”

“Mimi nangoja wajibu.”

Basi nikajua safari hiyo ilikuwa na maana gani kwake. Wakimpokea, angeacha nyumba iliyonyamaza, akaishi anaposikia sauti ya mwanawe ng’ambo ya ukuta. Wasipompokea, angerudi kwa kuku.

Alinunua makongoro sokoni Sumbawanga, akayapika mwenyewe. Alichagua vipande vya nyuzi kutoka katika kikapu cha marehemu, ambacho hakikuwa kimeguswa tangu mazishi. Nilimwambia nitashika nyuzi, yeye amimine. Alinitazama kwa upole.

“Mikono yako inatetemeka kuliko huo ute,” alisema.

Ilikuwa kweli. Akafunga vipande vile kwenye kijiti, akakilaza juu ya mdomo wa gudulia, akamimina kwa mkono mmoja na kuzinyoosha nyuzi kwa mwingine. Alikaa hivyo tangu jua linaegemea mpaka giza likaingia, bila kuwasha taa. Asubuhi aliniita kwa kikohozi. Nilipopita kwenye upenyo nilimkuta ameliinua gudulia kuelekea mashariki. Ute ulikuwa wa rangi ya asali, na nyuzi zilikuwa zimesimama.

“Fransiska angesema nini?” nilimwuliza.

“Angesema ule wa buluu umepinda.”

Kisha akafanya kama ambavyo mtu yeyote wa nyanda zetu angefanya kwa kitu anachokithamini: alikivika nguo. Alilizungushia gudulia sweta la Fransiska, juu ya sweta akaweka blanketi, akafunga kwa kamba. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, nikamshikia kamba. Kwetu, chombo, mtoto na mgonjwa hutunzwa kwa namna moja, yaani kwa kufunikwa, na wala hatukufikiri zaidi ya hapo.

Nilimsindikiza. Tulikaa wawili mbele ya lori, yeye amepakata furushi lake. Flavian alilitazama.

“Mwalimu, hiyo ni nini, pombe?”

“Ni kiini cha seli.”

“Nasikia harufu ya supu.”

“Pua yako haikusoma sekondari, Flavian. Endesha.”

Tulipofika ukingoni mwa nyanda za juu, barabara ikaanza kuteremka kwa mapindi, na bonde likafunguka chini yetu, lina ukungu wa joto. Nilivua koti. Mapindi machache mbele nikavua sweta. Alois alifungua vifungo vya shati lakini furushi hakulifungua. Kila gari liliporuka alilikumbatia zaidi. Injini ilikuwa inatuchoma miguu. Tulifika Kaoze alasiri, jasho limetulowesha, na Angela akatupokea kwa kupiga magoti, kisha akasimama akamkumbatia baba yake pamoja na furushi.

“Baba, umekonda.”

“Nimebanwa na gari. Darasa liko wapi?”

Darasa lilikuwa jipya, matofali yake bado yananukia moshi wa tanuri. Wanafunzi walikuwa wameketi, na kamati imejipanga nyuma kwenye mabenchi, Mzee Kija katikati, mrefu, fimbo ya mfugaji magotini mwake. Mimi nilipewa kiti karibu na mlango. Alois aliandika ubaoni, kwa mwandiko wake wa misheni, maneno “Kiini cha Seli”. Alizungumza vizuri. Aliwasimulia ngozi ya kitunguu, vyumba na doa. Akawauliza kama alivyouliza zamani, nyuzi za urithi zimekaa juu ya nini? Watoto wakasogea mbele kwenye madawati. Ndipo alipofungua kamba, akavua blanketi, akavua sweta, akaliinua gudulia kwenye mwanga.

Lilichezacheza. Ndani yake mlikuwa na supu.

Nyuzi zote zilikuwa zimelala chini, zimefungana kuwa donge moja, na haragwe limezama kati yake. Juu palielea duara la mafuta. Harufu ya kongoro ilijaa darasani.

Msichana wa benchi la mbele, aliyeitwa Jenifer, aliinua mkono. “Mwalimu, hii ni seli ya ng’ombe gani?”

Kicheko kilichotoka kilianza kwa watoto, kikaenda mpaka kwenye kamati. Mzee Kija alipiga fimbo chini.

“Mkwe,” alisema, naye machozi ya kucheka yanamtoka, “umetoka na ng’ombe wetu huko juu ukaturudishia akiwa ameiva! Chumvi umetia?”

Hakukuwa na ubaya katika maneno yake. Ndivyo wakwe wanavyotaniana. Mahali pengine na siku nyingine, Alois angemjibu neno ambalo lingesimuliwa mpaka leo. Lakini hakujibu. Alikuwa hamtazami mtu. Alikuwa anatazama chini ya gudulia, kwenye donge la nyuzi. Akasema, “Samahani,” akalifunga gudulia tena katika sweta, taratibu, mkono mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayemvika mtoto, akatoka nje. Kicheko kilikatika chenyewe.

Angela alimfuata hadi kwenye lori. “Baba, lala hapa. Wamecheka kwa sababu wamefurahi.”

“Najua, mwanangu. Sikuumizwa na kicheko.”

“Basi ni nini?”

“Nyuzi zile mama yako alizishika miaka yote hiyo. Mimi nimezishika mara moja, zikaanguka.”

Tulirudi na Flavian, ambaye alikuwa na mpunga wa kupeleka mjini. Tulipopanda ukingo baridi ilitupokea, tukavaa tulivyovua. Asubuhi sikuona moshi kwake. Nilikohoa uani, sikujibiwa. Nikapita kwenye upenyo, nikamkuta ameketi jikoni pasipo moto, gudulia mbele yake.

“Tazama,” alisema.

Ute ulikuwa umeganda tena. Ulikuwa mzuri, wa rangi ya asali, umesimama imara kama jana yake. Ila nyuzi zilikuwa zimeshikwa pale zilipoangukia, donge moja chini.

“Ute umepona,” alisema. “Zilizoanguka hazikupanda.”

Niliwasha moto wake, nikachemsha chai, tukanywa. Siku zilizofuata alikwenda shambani na kurudi. Gudulia alikuwa ameliweka dirishani, hakulimwaga wala kulitazama.

Jumamosi iliyofuata lori la Flavian lilisimama, akashuka Angela. Alikuja moja kwa moja mahali tulipoketi, akatuamkia, akakaa chini kwenye mkeka bila hata kunywa maji.

“Baba, nimetumwa na Mzee Kija. Anasema hivi: walipotoka Usukumani, ndama wao walikufa njiani. Hawakurudi Usukumani kuwaambia watu kwamba ufugaji umewashinda.”

“Mwambie nimesikia.”

“Sijamaliza. Ulipoondoka, watoto hawakutawanyika. Walibishana. Mmoja akasema kumbe kiini ni maji tu. Jenifer, yule aliyekuuliza seli ya ng’ombe gani, akamwambia, wewe hukuona? Kingekuwa maji, nyuzi zako za urithi zingekuwa chini, zimefungana, wala usingejua macho yawe wapi na pua iwe wapi. Lazima pawe na kitu kinachozishika. Wakanifuata jioni nyumbani, Baba. Wanauliza, kitu hicho huku kwetu kwenye joto hakiyeyuki? Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nimewaambia nitamwuliza mwenyewe.”

Alois alikuwa ameinama. Nilidhani analia, na huenda alikuwa analia, lakini alipoinua uso alikuwa na sura ile ile aliyokuwa nayo juu ya hadubini.

“Hakiyeyuki,” alisema. “Ute wa kweli haukutengenezwa kwa kongoro. Haungoji baridi. Wamesema pua iwe wapi?”

“Ndivyo alivyosema Jenifer.”

“Mtoto huyo ana ubishi.”

“Kamati imekupitisha, Baba. Nyumba imepakwa chokaa.”

Mchana ule Alois aliyeyusha ute katika maji ya moto, akalifungua lile donge la nyuzi, akazitenganisha moja moja. Angela alizishika kwa ncha za vidole. Sikumbuki kama alifundishwa au alikuwa amemwona mama yake. Alizishika vile vile, amekodoa macho, hajikuni. Alois alimimina kijiko baada ya kijiko. Mimi nilikaa kizingitini nikiangalia mlango usifunguliwe kwa nguvu. Jua liliposhuka na baridi kuingia, ute ulizishika nyuzi, Angela akaziachia.

“Wa buluu umenyooka,” alisema Alois.

Aliondoka siku iliyofuata baada ya misa, na kikapu cha Fransiska, na sweta lake, na kuku kwenye tenga juu ya lori. Gudulia hakulibeba. Alipita nalo kwenye upenyo, akaniwekea dirishani.

“Kule nitachora ubaoni na kuwaambia yaliyonipata,” alisema. “Wameshaona yanayotokea ute usiposhika, hayo yatosha. Lakini huu, huku juu utasimama. Utunze.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka upate joto, ndugu yangu.”

Akacheka, nami nikacheka, tukashikana mikono kwa muda mrefu kuliko desturi. Flavian akapiga honi.

Asubuhi yake niliamka, nikasogea uani, nikakohoa. Nilikuwa nimekwisha kukohoa ndipo nikakumbuka. Nilisimama pale kidogo, nikautazama upenyo kwenye minyaa na paa la jiko lisilotoa moshi, kisha nikarudi ndani. Kila siku nililiinua gudulia kwenye mwanga. Nyuzi zilisimama katikati, nyekundu na buluu, hazigusi juu wala chini.

Ute wa kongoro haudumu. Mwezi wa nane ulipoelekea mwisho ulianza kuota ukungu, nikalazimika kuumwaga chini ya minyaa. Nyuzi nimezifua kwa sabuni, nimezianika juu ya ua, upande wangu. Zikikauka nitampa Flavian azipeleke Kaoze, maana si zangu.